Kutengeneza na kusafisha sulfati ya shaba, na juu ya nini maji yetu yaligeuka kijani

Wanafunzi wenzangu, na zaidi ninyi wadogo wa seksio ya Biolojia na Kemia,

Chupa ya sulfati ya shaba ya laboratwari yetu iliisha katikati ya mwaka. Kila mtu anajua chupa ile: kristali za buluu ambazo wa kwanza wanafikiri ni sukari ya rangi. Kuagiza ingine mjini kulihitaji feza, na kasha la shule halikuwa nayo. Na sisi finalisti tulikuwa na mazoezi matatu mbele yetu yanayotaka chumvi hiyo, kabla ya mtihani wa Leta. Mwalimu wetu wa kemia akacheka, akasema: « Ninyi mnakaa Katanga, mnakanyaga shaba kila siku, kisha mnalia kama hakuna sulfati ya shaba? Itengenezeni. »

Basi tuliitengeneza. Iko sasa kwenye rafu. Nataka kuwaeleza namna, hatua kwa hatua, maana mwaka ujao sisi hatutakuwa hapa. Lakini nitawaeleza vilevile pahali nilipoharibu mimi prefe wenu, kwa sababu kosa lile lilimwangukia mtu asiye na kosa, na pia kwa sababu kosa lile ndilo lililotufundisha kusafisha.

Tuanze na jiwe. Jiwe la kijani mnalolijua wote linaitwa malakite. Ndani yake shaba imeshikana na kabonati na hidroksidi, na kanuni yake ni Cu2CO3(OH)2. Ni jiwe lilelile ambalo wafua shaba wa zamani, wale wanaoitwa walaji wa shaba, waliliyeyusha kwa makala katika tanuru za udongo wa kichuguu ili kutoa misalaba ya shaba. Wao walitumia moto. Sisi tunatumia asidi, sawa na viwanda vikubwa vya hapa kwetu. Kule Shituru, Likasi, walianza kutoa shaba kwa asidi ya sulfuriki na umeme tangu mwaka 1929.

Mzazi mmoja alituletea kipande cha malakite kikubwa kama ngumi. Hapa onyo moja, nami silisemi kwa mchezo: msiokote kila jiwe la rangi. Jiwe lenye ukoko wa njano au wa rangi ya machungwa liacheni hapohapo. Upande wetu huu ndio wenye Shinkolobwe, ambako uraniumu ilichimbwa, na madini ya uraniumu yanapenda kuonyesha rangi hizo. Kijani safi chenye mistari, sawa. Kijani chenye njano, hapana.

Tulifunga jiwe katika kitambaa kinene, tukalivunja kwa nyundo, tukasaga katika kinu cha porselene mpaka likawa unga. Tulipima gramu 60. Kusaga ni kazi ya kuchosha, lakini asidi inakula jiwe kwa nje tu. Unga una « nje » nyingi kushinda kipande, ndiyo sababu.

Asidi tuliyotumia ni ile ya bateri ya gari, mpya, ya chupa iliyofungwa. Asidi iliyomwagwa kutoka bateri nzee msiitumie, ina risasi ndani. Ile mpya ni karibu sehemu moja ya asidi ya sulfuriki na sehemu mbili za maji, kwa uzito. Tulichukua mililita 80, na tukaimimina polepole ndani ya mililita 80 za maji. Asidi ndani ya maji, si maji ndani ya asidi! Kila mwaka mwalimu anarudilia neno hili na kila mwaka kuna mmoja anayegeuza. Ukigeuza, maji yanachemka kwa ghafula pale juu na asidi inarukia macho.

Kisha unatia unga kidogo kidogo kwa kijiko cha plastiki. Unasikia maji yanalia sssss na povu linapanda, ni gazi kaboniki inayotoka:

Cu2CO3(OH)2 + 2 H2SO4 = 2 CuSO4 + 3 H2O + CO2

Ukitia unga wote mara moja, povu linatoka besheri na linatembea mezani. Tulijua hilo, na hata hivyo lilitupata.

Hesabu inasema nini? Gramu 221 za malakite safi zinataka gramu 196 za asidi safi, na zinaweza kutoa gramu 499 za kristali. Nyingi kushinda jiwe lenyewe, maana kristali inabeba sulfati na maji pia: CuSO4.5H2O, na katika kila gramu 100 za kristali, 36 ni maji. Lakini jiwe letu halikuwa safi. Ndiyo maana tulihesabu kinyume, kwa asidi: tulitia asidi kidogo kuliko ile ambayo jiwe lingeweza kula, ili mwishoni unga ubaki chini na asidi iishe. Wengi wanafanya kinyume, wanazidisha asidi ili « kumaliza jiwe ». Matokeo, kristali zinazonata, zinazochoma vidole, na karatasi ya kuzifungia inatoboka.

Povu lilipokoma, tulipasha moto kidogo, tukachuja. Kwenye karatasi palibaki mchanga, unga wa kijani na tope jeupe. Tope lile jeupe lilitushangaza. Mwalimu alieleza kama mawe yetu mara nyingi yamechanganyika na dolomia, nayo ina kalsiamu. Kalsiamu ikikutana na sulfati inakuwa jipsu, ambayo haipendi kuyeyuka, inakaa chini. Basi uchafu wa kwanza ulijitenga wenyewe. Maji yaliyopita katika karatasi yalikuwa ya buluu safi, mazuri kabisa, kama chupa za duka la dawa. Hiyo ilikuwa siku ya tatu, saa kumi za jioni.

Sasa nafika kwenye kosa.

Maji yale yalikuwa mengi mno. Ili kristali zitoke lazima kupunguza maji kwa moto. Bakuli letu la porselene lilikuwa limepasuka. Besheri kubwa ilikuwa na kazi ya darasa lingine. Mimi nikaona kopo la maziwa ya unga, la bati, safi, nimeliosha mimi mwenyewe. Nikamimina maji ya buluu ndani, nikaliweka juu ya mbabula yenye makala machache, ili yapungue polepole. Nikaenda kupiga kengele ya masomo ya jioni. Usiku nikaliondoa motoni, nikalifunika, nikafunga mlango.

Siku ya posho asubuhi nilifungua mbele ya kundi lote. Maji yalikuwa ya kijani. Si buluu, kijani cha majani mabichi, na chini kulikuwa na ukoko wa kristali ndogo ndogo za rangi ya kijani-buluu isiyopendeza. Wote wakanyamaza wakiniangalia, maana nilikuwa nimejisifu mengi.

Ni lazima mjue kama katika kabati letu kulikuwa na chupa mbili za asidi zilizopoteza majina. Mvuke umekula karatasi. Moja ni ya sulfuriki, moja ni ya kloridriki. Na nilikuwa nimesoma kama shaba pamoja na kloridi nyingi inaonyesha kijani. Na siku ya tano mdogo mmoja wa mwaka wa pili alikuwa ameingia peke yake kuosha vyombo. Nikaunganisha mambo hayo matatu haraka haraka: huyu mtoto amecheza na chupa, ametia asidi kloridriki katika kopo letu. Nikamwita mbele ya darasa. Akasema, « Yaya, mimi niliosha besheri tu. Kopo sikuligusa. » Nikamjibu kama maji hayageuki rangi peke yake. Nikaandika jina lake katika daftari ya prefe, na daftari ikaenda kwa mkuu wa nidhamu. Wakamkata pointi za mwenendo siku ileile.

Mwalimu wa kemia alirudi siku ya kwanza. Nikamweleza yote. Hakunikaripia. Aliuliza: « Umepima nini? » Nikasema, nimeona. Akauliza tena: « Sikuulizi umeona nini. Umepima nini? »

Sikuwa nimepima kitu chochote.

Basi tulipima. Jaribio la kwanza lilikuwa la kloridi. Unachukua tone moja la maji ya kijani, unalipunguza nguvu kwa maji mengi yaliyotoneshwa, unatia tone la asidi nitriki na tone la nitrati ya feza. Kama kloridi iko, linatokea wingu jeupe kama maziwa. Katika tibu ya pili tulitia maji yenye chembe chache za chumvi ya jikoni, kwa kulinganisha. Ile ya chumvi ikawa maziwa mara moja. Ile ya maji yetu ikabaki wazi. Hakuna asidi kloridriki humo. Mtoto hakuwa na kosa, na nilijua hivyo kwa tone moja, kazi ya dakika mbili ambayo ningeweza kuifanya kabla ya kuandika jina la mtu.

Jaribio la pili ni la amonia. Katika maji yenye shaba unaongeza amonia tone kwa tone. Kwanza panatokea tope la buluu hafifu, kisha ukizidisha tope linayeyuka na maji yanakuwa buluu nzito, ya usiku. Shaba yote inaingia katika buluu ile. Lakini chuma hakiyeyuki katika amonia. Kama chuma kiko, kinabaki kama vipande vyepesi, kijani chafu mwanzoni, kisha vinageuka rangi ya kutu kwa sababu ya hewa. Tuliviona vikielea na kushuka. Chuma kilikuwa kingi.

Chuma kimetoka wapi? Mwalimu akasema, « Leta kopo. » Nikalimwaga, nikalisuuza. Ndani, pale kijiko changu kilipokuwa kimekwaruza bati, na kwenye mshono wote, kulikuwa na rangi nyekundu ing'aayo. Ilikuwa shaba, shaba safi iliyopakwa juu ya chuma. Maana kopo la maziwa ni chuma kilichofunikwa na ngozi nyembamba ya bati tu. Na sisi wa mwaka wa mwisho tunajua kwa moyo, tumeiandika mara ngapi ubaoni:

Fe + CuSO4 = FeSO4 + Cu

Chuma kinaingia katika maji, shaba inatoka na kukaa pahali pake. Watu wa viwanda wanajua sana jambo hilo, wanatupa chuma chakavu katika maji ya shaba ili kuvuta shaba. Mimi nilifanya vilevile bila kujua, usiku mzima, katika kopo nililolichagua mwenyewe. Na sulfati ya chuma ni kijani.

Nilikwenda kwa mkuu wa nidhamu mchana uleule na daftari. Alirudisha pointi, kisha akaniuliza kama nimemwambia mtoto mwenyewe. Nikasema bado. Akasema nilimshitaki mbele ya darasa, basi. Nilielewa. Nilisema mbele ya darasa lake, nikiwa na kopo mkononi, nikaonyesha ile nyekundu. Haikuwa rahisi, na sitaandika zaidi.

Sasa tufanye nini na gramu 58 za kristali chafu? Wenzangu walitaka kutupa. Mwalimu alikataa, akasema ndiyo nafasi nzuri ya kujifunza kusafisha, na hapa ndipo ninawaomba msome taratibu.

Mara nyingi unasafisha chumvi kwa kuiyeyusha katika maji moto machache na kuiacha ipoe. Sulfati ya shaba inapenda sana maji moto: katika gramu 100 za maji karibu kuchemka zinayeyuka zaidi ya gramu 100 za kristali, lakini katika maji ya kawaida, digri 20, ni kidogo zaidi ya gramu 30 tu. Yakipoa, nyingine zote zinalazimika kutoka, nazo zinajipanga zenyewe kwa zenyewe. Uchafu, kwa kuwa ni mdogo, hauna haja ya kutoka, unabaki katika maji. Maji hayo yanayobaki Wafaransa wanayaita maji-mama. Lakini chuma cha namna ile ya kijani ni mwizi anayevaa nguo za mwenye nyumba. Kinaingia katika kristali pamoja na shaba, kwa hiyo kupoza peke yake hakukitoi chote. Lazima kwanza kukigeuza.

Tuliyeyusha kristali katika mililita 90 za maji moto, safari hii katika besheri ya kioo. Tukatia matone machache ya asidi, kisha mililita chache za maji oksijene ya duka la dawa, yale ya kuoshea vidonda. Chuma kikageuka kutoka namna ya kijani kwenda namna ya njano. Kisha tukaongeza unga wa malakite, ulelule uliobaki, kijiko kidogo kidogo, tukipasha moto. Malakite inakula asidi iliyobaki, na asidi ikipungua, chuma cha njano hakiwezi tena kukaa katika maji. Kikashuka kama tope la rangi ya kutu. Shaba yenyewe haishuki bado, inahitaji asidi ipungue zaidi. Uzuri wa njia hii ni kwamba dawa tuliyoongeza ni shaba tena, haiingizi kitu kigeni. Kama tungetia soda, ingeshusha chuma pia, lakini tungebaki na sodiamu ndani.

Tulichuja maji yakiwa moto. Pasheni moto glasi ya kuchujia kwanza kwa maji ya kuchemka, ama sivyo kristali zitazaliwa katika karatasi na kuziba njia. Karatasi ilibaki na kutu, na chini yakatoka maji ya buluu. Tukapima tena tone moja kwa amonia: buluu nzito, hakuna kitu kinachoelea. Tukaongeza matone mawili ya asidi ili maji yasiwe na ukungu, tukayapunguza mpaka mililita 65 hivi, tukaviringa besheri katika blanketi nzee ndani ya kartoni, tukaiacha mpaka asubuhi.

Watu wanauliza: kupoza haraka au polepole? Ukiweka besheri katika maji baridi, kristali zinatoka kama unga na zinashikana mabonge, na maji-mama yanajificha katikati. Ukipoza polepole zinatoka safi zenye pembe. Lakini ile kristali kubwa sana ya kufunga kwenye uzi, ambayo kila mmoja anataka kwa maonyesho ya shule, si lazima iwe safi kushinda, maana nayo inaweza kufunga maji-mama tumboni. Kwa kazi ya laboratwari, kristali za ukubwa wa mchele zinatosha. Osheni kwa maji baridi machache sana, mara mbili, kwa sababu maji mengi yanazirudisha zote ndani. Kisha kausheni kati ya karatasi, kwa hewa tu. Mwenzangu mmoja aliziweka chache karibu na mbabula ili ziende haraka. Zikageuka nyeupe, maana maji yake ya ndani yalikimbia. Ukitonesha maji zinarudi buluu na kupata moto, ni jaribio zuri, lakini si kristali tena.

Tulipata gramu 33 kutoka 58. Wengine walisikitika. Waliobaki katika maji-mama hawakupotea, tuliyapunguza tena tukapata gramu 14 za pili, ambazo tumeziweka katika chupa yake, zimeandikwa « za mazoezi ya mwaka wa kwanza ». Msizichanganye na zile za kwanza.

Neno fupi juu ya chumvi ya jikoni, kwa sababu wengi wamenijia wakitaka kuisafisha kwa njia hiihii. Haitawezekana. Katika gramu 100 za maji zinayeyuka gramu 36 hivi kwa digri 20, na karibu 39 tu maji yakichemka. Ukipoza, karibu hakuna kinachotoka. Chumvi hiyo lazima kuichemsha mpaka maji yaondoke, kama mababu walivyofanya na udongo wa chumvi kule Mwashya: wanapitisha maji katika udongo, wanachuja, wanachemsha katika vyungu. Na kuiondolea uchungu, ambao mara nyingi ni magnesiamu, msiioshe kwa maji matupu. Osheni kwa maji yaliyokwisha kushiba chumvi safi. Maji yaliyoshiba hayawezi kula chumvi zaidi, lakini uchungu yanauchukua.

Kumalizia kazi ya shaba: maji-mama ya mwisho msiyamwage katika mfereji unaoshuka kwenye mabwawa ya samaki. Shaba kidogo sana inaua samaki. Tuliyatia soda ya kufulia mpaka yakaacha kutoa povu, shaba yote ikashuka kama tope la kijani, maji ya juu yakabaki bila rangi. Tulichuja, tukakausha. Ni kabonati ya shaba, ndugu ya lile jiwe tuliloanza nalo, nayo itakubali asidi vilevile. Gramu 7 ziko katika chupa ya mayoneze kwenye rafu ya chini. Chupa mbili za asidi tumezipima na kuziandika upya kwa rangi ya mafuta. Bakuli jipya la porselene bado halijafika. Ufunguo wa kabati uko sasa kwa yule mdogo wa mwaka wa pili, aliuomba mwenyewe, na mwalimu alikubali. Anayetaka kuanza amwone yeye, na aje na chombo cha kioo.